Pendo Lisilo na Bei

Maisha ya mwanadamu yamefungwa katika mizani. Mama aendapo sokoni hutoa fedha akapimiwa unga; asipokuwa na fedha hurudi na kikapu kitupu. Mfanyakazi hutoa jasho lake mwezi mzima, ndipo hupokea mshahara. Mwanafunzi hujibu maswali, ndipo hupewa alama, asiyejibu hapewi. Hatuna haki ya kuulaumu utaratibu huu, maana pasipo huo soko lingekuwa uwanja wa wanyang'anyi, na shule ingekuwa nyumba ya wavivu. Mkono mtupu haulambwi, walisema wazee, nao walisema kweli kwa mambo ya soko.

Lakini mizani hii ina tabia moja mbaya: haikubali kukaa sokoni. Hutufuata njiani, huingia nasi nyumbani, hata kitandani hupanda pamoja nasi. Mtoto hujifunza mapema kwamba akifanya vyema huchekewa, na akifanya vibaya hununiwa. Kidogo kidogo, pasipo kuambiwa na mtu, huanza kuamini kuwa kupendwa nako ni mshahara. Hata asikiapo habari za Mungu humdhania kuwa ni mwalimu mkuu aliye juu ya walimu wakuu wote, mwenye daftari kubwa kuliko madaftari yote na kalamu nyekundu isiyokauka.

Imani ya Kikristo husema jambo lililo mbali sana na hilo. Husema kuwa Mungu huwapenda watu kabla hawajawa wema, na kwamba pendo lake halinunuliwi kwa sala, wala kwa sadaka, wala kwa mwenendo mzuri. Swali la insha hii ni hili: je, neno hilo laweza kuwa kweli? Na kama ni kweli, je, ni jema, ama ni udhaifu uliovikwa kanzu ya dini? Nakuomba, msomaji, ulipime pamoja nami. Hata wewe usiye Mkristo huna hasara katika kulipima, kwa kuwa kila mtu aliyezaliwa na mwanamke hutaka kujua kama kupendwa kwake kuna mwisho.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na Kiyunani kina maneno kadha wa kadha kwa jambo tuliitalo upendo. Filia ni upendo wa marafiki. Eros ni shauku ya moyo kwa kitu kizuri unachokikosa. Neno walilolipenda zaidi waandishi wa Agano Jipya ni agape. Mwanachuoni mmoja wa Uswidi, Anders Nygren, alitoa kitabu juu ya maneno hayo katika sehemu mbili, mwaka 1930 na mwaka 1936. Alisema kuwa eros hutafuta thamani iliyopo, na agape huumba thamani isiyokuwapo. Mtu hulipenda ua kwa sababu ni zuri. Lakini Mungu hampendi mtu kwa sababu mtu huyo ni mzuri, bali mtu hupata uzuri wake kwa sababu amependwa. Wako wataalamu waliomlaumu Nygren kwa kuyatenga mapenzi hayo kama mbingu na ardhi, maana hata mtu amtamaniye Mungu kama mwenye kiu atamanivyo maji hafanyi kosa. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini jambo kubwa aliloliona lasimama: liko pendo lisilongoja sababu. Tena neno peke yake si hirizi. Maana yake huonekana katika matendo. Basi na tukitazame kisa.

Kisa chenyewe kimo katika Injili ya Luka, sura ya 15. Yesu alikuwa akinung'unikiwa na Mafarisayo na waandishi kwa sababu alikula pamoja na watu wenye sifa mbaya. Hakuwajibu kwa mabishano. Aliwajibu kwa hadithi ya kondoo aliyepotea, na ya sarafu iliyopotea, na ya mwana aliyepotea.

Mtu mmoja alikuwa na wana wawili. Mdogo akaja akadai sehemu yake ya urithi, baba yake angali hai. Fikiri uzito wa dai hilo. Urithi hugawanywa mwenye mali akiisha kuzikwa. Kuudai mapema ni kama kumwambia mzee, Wachelewa kufa. Kwa sheria ya Torati mzaliwa wa kwanza alipewa mafungu mawili. Basi kati ya wana wawili fungu la mdogo lilikuwa theluthi moja. Baba hakuteta. Aligawanya, na kijana akaenda nchi ya mbali, akatapanya kila kitu. Njaa ikaingia, akaajiriwa kulisha nguruwe, mnyama aliye najisi kwa Wayahudi, hata akayatamani maganda waliyokula nguruwe hao.

Hapo akakumbuka nyumbani. Lakini angalia alikumbuka nini. Hakukumbuka uso wa baba yake. Alikumbuka chakula cha vibarua. Akatunga maneno yenye vipande vitatu: kwamba amekosa, kwamba hastahili tena kuitwa mwana, na kwamba afadhali afanywe kibarua. Hata toba yake ilikuwa mapatano ya soko. Alitaka kununua mahali pa kulala kwa nguvu za mikono yake.

Baba alimwona angali mbali, akakimbia. Wazee wenye heshima zao hawakimbii. Wakimbiao ni watoto na watumishi, na mwenye vazi refu hawezi kukimbia pasipo kulikunja. Mzee huyu aliiacha heshima yake njiani, akamwangukia mwanawe shingoni kabla ya kusikia hata neno moja. Kijana akaanza maneno yake. Akasema kipande cha kwanza, akasema cha pili. Cha tatu hakikupata nafasi. Ombi la kuwa kibarua lilifia kinywani, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kuagiza vazi, na pete, na viatu, na ndama aliyenona. Viatu hivyo si kitu kidogo. Kijana alirudi akitaka kuwa mtumishi. Alivikwa kama mwana.

Mchoraji mkuu wa Uholanzi, Rembrandt, alikichora kisa hiki katika miaka ya 1660, alipokuwa karibu na mwisho wa maisha yake. Picha hiyo imo katika jumba la Hermitage huko Saint Petersburg, Urusi. Kijana amepiga magoti, kiatu kimoja kimemtoka, wayo wake u wazi. Mikono miwili ya mzee imetulia juu ya mgongo wake. Hapana daftari katika mikono hiyo.

Methali moja ya wazee wetu, ijapokuwa si ya kutajwa mezani, husema kuwa mwana akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Wazee hawakusema kuwa uchafu ni manukato. Walisema kuwa uchafu huoshwa, na mkono hubaki, na mtoto hubaki juu ya mkono. Aliyefahamu methali hiyo amekwisha kupiga hatua moja katika kuifahamu sura ya 15 ya Luka.

Sasa na yaje mashaka, maana imani isiyoulizwa ni kama chungu kisichopigwa kwa ukucha: hujui kama kina ufa.

Shaka la kwanza ni la haki. Mwana mkubwa alikuwa shambani. Aliposikia ngoma alikasirika, akakataa kuingia. Akahesabu miaka ya utumishi wake, akahesabu amri alizozitii, akahesabu na mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Msomaji, usimcheke upesi. Wengi wetu tusomao na kujitahidi tu ndugu zake huyu. Umekesha na vitabu vyako, mwenzako amelala. Mwisho wa mwaka nyote wawili mmekumbatiwa kwa furaha ileile. Je, huoni uchungu?

Jibu ni kwamba pendo si shamba. Ukiwagawia watu 3 shamba la ekari 12, kila mmoja atapata ekari 4. Akija mtu wa nne, kila mmoja atabakiwa na ekari 3. Kwa hiyo mali huhitaji mizani, na anayeivunja mizani ya mali ni dhalimu. Lakini mama mwenye mtoto mmoja akizaa wa pili, hamkatii yule wa kwanza nusu ya pendo lake. Baba yule hakupunguza kitu kwa mkubwa; alimwambia kuwa vyote alivyo navyo ni vyake. Tena alitoka nje kumbembeleza, kama alivyotoka nje kumlaki mdogo. Siku ile mzee alitoka nyumbani mara mbili, kwa wana wawili waliopotea: mmoja alipotelea nchi ya mbali, na mmoja alipotelea katika shamba la baba yake. Mkubwa naye alikuwa amejifanya kibarua. Tofauti ni kuwa yeye alikuwa kibarua mwenye hesabu safi.

Utasema, Lakini ndama alikuwa wa nani? Hapo umeuliza sawasawa. Urithi ulikuwa umekwisha kugawanywa, na vilivyosalia nyumbani vilikuwa fungu la mkubwa. Basi ndama yule alichinjwa katika mali yake. Hapa ndipo kisa kinapouma. Pendo la baba halimpunguzii mwana pendo, walakini laweza kumdai ndama. Mtu hawezi kufurahia kuwa mwana na kukataa gharama ya kuwa ndugu.

Shaka la pili ni la uasi. Ikiwa Mungu hupenda pasipo sharti, kwa nini nijizuie? Na nitende nipendavyo, nitapendwa vilevile. Shaka hili si geni. Mtume Paulo alilijibu katika waraka wake kwa Warumi, akalikataa kwa nguvu. Katika karne ya 20 lilijibiwa na mchungaji Mjerumani, Dietrich Bonhoeffer. Mwaka 1937, wakati wa utawala wa Hitler, alitoa kitabu alichowaonya ndani yake Wakristo juu ya neema iliyofanywa rahisi: msamaha pasipo toba, na ubatizo pasipo nidhamu ya kanisa. Hakusema hayo kwa kuwa Mungu huuza pendo lake. Aliyasema kwa kuwa aliona watu wakilitumia pendo hilo kama shuka la kufunikia woga wao mbele ya uovu. Yeye mwenyewe alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945 katika kambi ya Flossenbürg kwa ajili ya kuupinga utawala ule.

Kupenda pasipo sharti, basi, si kukubali kila tendo. Daktari hampendi mgonjwa kwa kuupenda ugonjwa. Kwa kadiri ampendavyo mgonjwa ndivyo auchukiavyo ugonjwa. Tazama habari ya Zakayo katika sura ya 19 ya Luka. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, na tajiri. Yesu alijialika nyumbani kwake mbele ya watu waliomchukia, wala hakumwambia kwanza arudishe alichodhulumu. Lakini Zakayo akiisha kupokewa alisimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Upange vyema mfuatano huo. Lau marejesho yangalikuja kwanza, yangalikuwa bei. Kwa kuwa yalikuja baadaye, yalikuwa matunda. Tena yalikuwa matunda ya kweli, yenye hesabu, yaliyowafikia waliodhulumiwa. Pendo lisilo na sharti halimfutii mwizi deni lake kwa jirani. Humpa moyo wa kulilipa.

Shaka la tatu ni zito zaidi, nalo hutoka katika Injili zenyewe. Je, Yesu hakusema kuwa asiyewasamehe watu naye hatasamehewa? Hilo si sharti? Tusilikimbie swali hili. Katika sura ya 18 ya Mathayo kuna mtumwa aliyewiwa na bwana wake talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa karibu dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa. Basi deni lake lilikuwa ujira wa siku milioni 60, jambo lisilolipika kwa umri wa mtu wala wa wajukuu wake. Alisamehewa lote bure. Alipotoka alimkuta mwenzake anayewiwa naye dinari 100, akamkaba koo, akamtia kifungoni. Na bwana wake alipopata habari alimkamata tena.

Mimi naona hivi. Msamaha ulitolewa pasipo sharti, lakini mtu yule hakuupokea. Aliuchukua kama bahati ya biashara, moyo wake ukabaki sokoni. Mvua haibagui mitungi. Hunyesha juu ya mtungi uliofunuliwa na juu ya mtungi uliofunikwa, kwa wingi uleule; lakini uliofunikwa utabaki mkavu hata masika yapite. Kuondoa kifuniko si kuinunua mvua. Mkono uliokaza koo la mwingine hauwezi kufunguka kupokea kitu. Wako Wakristo wenye elimu wanaolieleza jambo hili kwa njia nyingine, na mjadala wao ni wa karne nyingi. Lakini sijaona jibu lililo karibu zaidi na maisha tunayoyajua.

Sasa lasalia neno juu ya bei. Nimesema kuwa pendo hili halina bei, na kwa apendwaye ni kweli. Kwa apendaye lina bei kubwa. Nabii Hosea, aliyeishi katika Israeli ya kaskazini katika karne ya 8 kabla ya Kristo, aliachwa na mkewe Gomeri, aliyewaendea wanaume wengine. Aliagizwa ampende tena. Hakuishia katika maneno matamu. Alitoa vipande 15 vya fedha na shayiri, akamkomboa. Mbele ya macho ya watu alinunua kilichokuwa chake. Wakristo wautazamapo msalaba huona jambo hilohilo likifanywa na Mungu mwenyewe: gharama ya kosa imebebwa na aliyekosewa. Hiyo ndiyo tofauti ya pendo hili na ulegevu. Mlegevu husamehe kwa sababu hajali, basi hapotezi kitu. Apendaye kweli hujali, na kwa hiyo huumia.

Na je, mwanadamu aweza kupenda hivyo? Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikuwa mwenzake wa karibu. Siku chache baadaye alivuka mpaka kwa miguu usiku pamoja na mkewe, akawa mkimbizi. Mwaka uohuo alitoa kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni Nampenda Idi Amin. Watu wengi walishangaa, na wengine walichukizwa. Lakini Kivengere hakusema kuwa damu haikumwagika. Kitabu chake kilisimulia mauaji hayo peupe. Wala hakusema kuwa pendo hilo lilitoka katika wema wa moyo wake. Alikiri kuwa chuki ilikuwa imeanza kumla, akaona kuwa asipomsamehe Amin atakufa kwa ndani. Alisema kweli juu ya uovu, na akakataa kuuiga. Asiyeweza kuyaunganisha mambo hayo mawili bado hajaufahamu upendo tunaousema.

Msomaji wangu kijana, nimekueleza habari za baba aliyekimbia, nami najua kuwa si kila baba hukimbia. Labda wako ni mkali, naye hakuonyeshi uso wake mwema ila siku ya alama nzuri. Labda hakuna anayekungoja mlangoni. Kwako wewe kisa hiki chaweza kuwa kama habari za karamu zikisimuliwa mbele ya mwenye njaa. Lakini fikiri: Yesu hakusema kuwa Mungu ni kama baba zetu walivyo. Alimchora baba ambaye hata wasikilizaji wake hawakupata kumwona, na kwa picha hiyo akina baba wote wa duniani hupimwa, na wengi hupungua. Upungufu wao si upungufu wa Mungu, wala si ushahidi juu ya thamani yako.

Ipo siku utakayorudi nyumbani na karatasi ya matokeo yasiyopendeza, au na kosa ambalo hapana karatasi ya kuliandika. Njiani utatunga maneno yako kama kijana yule. Usiache kukiri kosa, maana kosa ni kosa. Lakini kipande cha tatu, kile cha kusema kuwa wewe si mwana tena, usikiseme. Imani ya Kikristo husema kuwa hicho ndicho kipande ambacho Mungu hakisikilizi.

Na ipo siku nyingine ambapo wewe ndiwe utakayekuwa shambani, mwenye hesabu safi na mikono yenye sugu, ukisikia ngoma zinapigwa kwa ajili ya mtu asiyestahili. Luka hatuambii kama mwana mkubwa aliingia ama hakuingia. Kisa chaishia nje, baba akisema na mwanawe.